Pikipiki ya sura ya zamani: mtetemo wa kukubali na wa kukataa

“Hizi ndivyo zilivyo, ni za kizamani, lazima zitetemeke.” Muuzaji anasema, mnunuzi anaitikia, na pikipiki yenye bolti za injini zilizolegea inauzwa kwa bei ya nzima. Maneno haya yamesemwa mno, na si kweli. Kilicho cha zamani kwenye pikipiki hizi ni sura: tangi la mviringo, taa ya duara, krome. Ndani ni mashine ya leo. Triumph Bonneville T120 ina kitu ubavuni mwa injini kinachofanana kabisa na kabureta, kumbe ni mfumo wa injekta uliovishwa gamba. Royal Enfield Classic 350, ambayo ndiyo mfano wangu hapa, ina umbo la miaka ya 1950, lakini injini yake ya sasa ilitoka kwanza kwenye Meteor, pikipiki nyingine ya kampuni hiyo, mwaka 2020, Classic ikaipata 2021.

Kadi, namba ya chasi, umri wa tairi: kagua kama unavyokagua pikipiki yoyote.

Kabla ya ufunguo, gusa injini kwa nyuma ya kiganja. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla hujafika, na jaribio la kuwaka baridi limeshakupotea. Rudi kesho asubuhi. Classic ya sasa haina kiki, kwa hiyo betri ndiyo kila kitu: injini ikiwa imezimwa ipime, iwe kama volti 12.6, na ikiwaka ipande kati ya 13.5 na 14.5. Ukifungua ufunguo, taa ya ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge unapopiga breki) lazima iwake na ibaki imewaka mpaka uanze kutembea, ndipo izime. Isipowaka kabisa, usifurahi. Ama taa imekufa, ama kuna mtu aliyeificha ili usione hitilafu.

Sasa mtetemo, maana hapa ndipo watu wanapopotea.

Injini hii ina silinda moja ya sentimita za ujazo 349, na pistoni inasafiri milimita 85.8. Inapiga mara moja tu kila krenki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo ikiwa sailensa, yaani imewaka bila kuvutwa mafuta, utaona vioo na tairi la mbele vikicheza. Hilo ni halali. Lakini ndani yake kuna shafti ya kusawazisha, inayopunguza mtetemo, kitu ambacho Bullet 350 za zamani za Royal Enfield hazikuwa nacho. Mtu aliyezoea Bullet ya baba yake anapanda Classic mpya yenye tatizo, anahisi mtetemo ule ule alioukulia, anatabasamu. Angepaswa kuuliza kwa nini shafti ile haifanyi kazi yake.

Kabla hujailaumu pikipiki, hakikisha kosa si lako. Wanaotoka kwenye bodaboda wana mazoea ya kukimbilia gia ya mwisho. Ukiwa gia ya tano kwa kilomita 40 kwa saa halafu ukavuta mafuta, injini itagonga na kutikisika mwili mzima, na haina ubaya wowote. Nguvu yake ya kuvuta, Nm 27, inafika kilele kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika. Shuka gia ya tatu, jaribu tena. Classic haina mita ya mizunguko, kwa hiyo sikio lako ndilo mita. Na kumbuka mpangilio wa gia: ya kwanza chini, nne zilizobaki juu, nyutro iko kati ya kwanza na ya pili. Baadhi ya pikipiki za bodaboda unakanyaga mbele zote. Ukisahau, utashusha gia pale ulipotaka kupandisha.

Tafuta barabara ya lami iliyonyooka, isiyo na magari. Fika 70 kwenye gia ya tano, kaa hapo, sikiliza mikono na nyayo. Kisha weka gia ya nne kwa mwendo ule ule. Mtetemo ukibadilika na kuwa wa haraka zaidi, unatoka kwenye injini. Usipobadilika, unafuata magurudumu. Halafu kamata klachi, achia mafuta, iache pikipiki iende yenyewe. Mtetemo ukiisha papo hapo, umerudi kwenye injini au mvutano wa cheni. Ukibaki, tazama rimu, bering na tairi.

Kuna mtetemo wa tatu, na huu ndio unaosingiziwa uzee kuliko yote: unatokea kwenye kasi moja tu, tuseme kati ya 62 na 66, pamoja na mlio wa bati, kisha unapotea. Mtetemo wa injini nzima hupungua na kuongezeka polepole. Kitu kinacholia mahali pamoja kwa ghafla ni kitu kilicholegea: bolti za kushikilia injini, braketi ya ekzosi, mabano ya madigadi. Simama, shika kila bolti ya injini kwa spana. Kwenye 70 katika gia ya tano unapaswa kuitambua gari iliyo nyuma yako kwenye kioo. Ukikaribia 100 nyayo zitaanza kuwasha, na hapo sitaigombeza pikipiki, kwa sababu inaelekea mwisho wa uwezo wake: ina nguvu farasi 20 hivi na inabeba kilo zake 195.

Kilo hizo zijaribu injini ikiwa imezimwa. Isukume kinyumenyume kwenye kokoto, uiweke kwenye stendi ya katikati. Kimo cha kiti, milimita 805, hakitishi. Upana wake ndio unaotanua mapaja na kufupisha miguu.

Breki: kwenye changarawe, mwendo wa 20, kanyaga ya nyuma kwa nguvu. Yenye ABS magurudumu yote mawili itadunda chini ya mguu. Yenye breki ya nyuma ya drum ina ABS mbele tu, kwa hiyo itaburuta, na hiyo si hitilafu. Spoki zigonge kwa spana moja moja. Inayotoa mlio butu imelegea. Rimu za spoki zina tubu, pancha ni kuvua gurudumu.

Mpakie mtu mzima nyuma upande naye mlima. Shokapu za nyuma zina hatua sita za kukaza. Zikigonga mwisho hata kwenye ya sita, zimekufa.

Mzunguko wa dakika kumi hautakuonyesha joto la foleni, kwani injini hii inapozwa kwa hewa na oili, haina feni. Omba dakika arobaini, kumi kati ya hizo ukiwa umesimama juani inawaka. Na kuhusu kiti na ganzi ya mikono sina kipimo cha kukupa: watu wawili wa kimo kimoja wanashuka kwenye pikipiki ile ile, mmoja mikono imekufa ganzi, mwingine mzima. Kwa hilo, kodi inayofanana nayo siku nzima kabla hujalipa.