Milima ya Magharibi, Kutoka Darini Kwangu Kisauni

Kwa miaka 31 nilipiga picha za harusi, za pasipoti na za mahafali katika studio yangu mjini, na jua nikiliona kama kila mwenye kibarua anavyoliona: limenikuta ndani asubuhi, limeniacha ndani jioni. Tangu nistaafu, napanda darini nyumbani Kisauni, Mombasa, alfajiri na jioni kupiga picha za milima ya upande wa bara.

Watu huniuliza ni milima gani hiyo, maana mgeni akifika Mombasa macho yake huishia baharini. Ipo. Kusini-magharibi, ng'ambo ya bandari ya Kilindini, iko Milima ya Shimba, makao ya palahala, aina ya swala mkubwa, inayopanda mita 400 na kitu. Kaskazini-magharibi ni mgongo wa Mazeras na Rabai. Mbele ya Kilimanjaro na mita zake 5,895, hivi ni vilima, nakubali. Lakini lenzi ndefu huvikuza. Kwa lenzi ya milimita 200, jua huchukua karibu milimita 2 kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha, na mlima hupata umbo na mabega. Kwa lenzi pana ya simu, mlima huo huo ni uzi tu chini ya anga.

Jambo ninalotaka wastaafu wenzangu walishike ni hili: kukaa mahali pamoja ndiyo mali yetu. Kijana huzunguka akitafuta mahali pazuri. Sisi tumetulia, na jua ndilo linalosafiri. Mwezi Juni, nikiwa darini, linazama usawa wa Mazeras. Mwezi Desemba limekwisha kuhamia kusini, karibu na bega la Shimba upande wa Kwale. Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni nyuzi 47 hivi, na mwendo wake si sawa mwaka mzima. Katikati ya Juni na ya Desemba ni kama limesimama. Wiki nzima hulioni likisogea. Machi na Septemba linakimbia, kila jioni likihama karibu unene wake lenyewe. Ukilitaka nyuma ya mnazi fulani mwezi Machi nawe ukakosa siku moja, limeshapita, na halirudi pale mpaka Septemba.

Kwa hiyo natia alama. Wazee wetu wa pwani waliuhesabu mwaka wa jua kutoka Nairuzi, siku ya mwaka mpya, kwa miongo, siku kumi kumi, wakajua wakati wa kusafiri na wa kupanda. Nami kila mwongo huchora mstari wa rangi kwenye ukuta mfupi wa dari, pale jua lilipozama. Nikitaka kujua litakuwa wapi mwezi ujao, natazama ukuta.

Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, kwa hiyo mambo ni ya haraka. Tangu ukingo wa chini uguse mlima hadi ukingo wa juu upotee ni dakika mbili na sekunde chache. Tripodi iwe imesimama mapema. Pima mwanga kwenye anga pembeni mwa jua, wala si kwenye jua lenyewe au mlimani, kisha punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua; ukiiachia kamera iamue, itaidhania rangi ya machungwa kuwa kosa na kuifuta. Na tafadhali sana, usilitazame jua kwa jicho kupitia kitundu cha kamera yenye lenzi ndefu. Tumia skrini ya nyuma ya kamera. Macho hayana spea.

Halafu kuna adhana. Mlima umeinua upeo, basi jua hunipotea dakika mbili tatu kabla ya muadhini kuanza. Rangi iliyo nzuri zaidi, ile ya zambarau na damu ya mzee, huja baadaye, robo saa hivi ya kwanza, nami wakati huo niko kwenye mswala. Sikuwa tayari kuacha sala, wala sikutaka kuikosa rangi. Sasa naiwekea kamera ipige yenyewe kila sekunde 20, naswali, kisha narudi kutazama.

Asubuhi ni kinyume. Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, mbona walipa jua mgongo?" Nikamwonyesha. Dakika kumi hivi kabla ya jua kuchomoza baharini, juu ya Mazeras kuna ukanda wa buluu iliyokolea, na juu yake waridi. Ule wa buluu ni kivuli cha dunia yenyewe, kimelala angani. Jua likipanda, kivuli hushuka kikazama nyuma ya milima, kisha vilele hupata mwanga. Wengi wameishi Mombasa maisha yao yote bila kukiona, kwa kuwa kila mtu anatazama baharini.

Wekundu wenyewe watoka hewani. Jua likiwa upeoni, mwanga wake hupita hewa mara 38 hivi ya ile unayopita likiwa utosini. Buluu hutawanyika njiani, nyekundu hufika. Wengi hudhani vumbi na moshi huongeza uzuri. Kwangu mimi, hapana. Vumbi jingi na chumvi ya bahari hutawanya rangi zote pamoja, anga ikawa kama maji ya mchele. Siku za kaskazi kavu naweza kumaliza wiki bila picha. Lakini mvua ya vuli ikinyesha mchana na kukatika alasiri, milima husogea karibu mpaka unaona miti mgongoni.

Unyevu huo huo ndio adui wa vifaa. Lenzi yangu nzuri ya zamani iliota kuvu ndani, nyuzi kama za buibui, kwa sababu niliifungia kwenye mkoba wa ngozi miezi minne. Sasa lenzi zote zimo kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa, nje, kwa nusu saa. Ukiitoa mara moja kioo kitafunga mvuke, na kufikia kukauka kwake jua litakuwa limeshaingia nyuma ya Shimba.