Kufifilisha kosa si kumfilisi mtu

"Njomba, wamenifilisisha kosa, elfu hamsini." Hilo "kufilisisha" nililisikia kwanza kwa kijana wa bodaboda pale Chikongola, Mtwara. Wiki iliyofuata nikalisikia kwa muuza madafu. Juzi limetoka kinywani mwa mama anayekaanga pweza jirani na kwetu, mtu ambaye Kiswahili chake nakiheshimu, nikaona sasa niandike.

Neno sahihi ni kufifilisha. Kufifilisha kosa ni kulimaliza kosa dogo nje ya mahakama: mkosaji anakiri kwa maandishi, anakubali faini, analipa, na shauri halifiki kwa hakimu. Katika sheria ndogo za halmashauri mwenye mamlaka hayo huwa ni Mkurugenzi. Makosa ya trafiki yana sheria yake, ya mwaka 1973, siyagusi hapa. Maana imeishia hapo.

Sasa neno. Kufilisi tumelipata kwa Waarabu. Ni la ukoo mmoja na fulusi, yaani pesa, zile sarafu ndogo za shaba, na muflisi, mtu aliyebaki na vishaba baada ya dhahabu na fedha kumwishia. (Fulusi samaki, yule anayeshushwa soko la samaki la Feri akiwa bado anang'aa manjano na kijani, simwingizi katika kesi hii.) Aliyefilisiwa mali yake inapigwa mnada. Tena kufilisi tayari ni kumtendea mtu. Ukiongeza -sha ukasema "kufilisisha" unazidi kumkamua ambaye hana kitu.

Kufifilisha halina hata tone la Kiarabu. Mzizi wake kila mtu anaujua: fifia. Kanga iliyosahaulika kambani wiki nzima inafifia. Chemli ikipungukiwa mafuta inafifia. Mtu atauliza, na mimi niliwahi kuuliza, kwa nini isiwe kufifisha tu, neno ambalo nalo lipo? Hiyo L imetoka wapi? Imetoka kulekule ilikotoka ya jua ikawa julisha, vaa ikawa valisha, zaa ikawa zalisha, kaa ikawa kalisha. Zamani mizizi mingi ya namna hiyo iliishia na L. Kiswahili kikaimeza, lakini hakikuisahau. Ukikinyambua kitenzi, inachungulia. Kwa hiyo aliyeandika kufifilisha katika sheria hakukosea wala hakujitungia. Amefuata njia ambayo lugha inapita kila siku.

Na nalipenda chaguo lake. Angeweza kuandika kufuta, tena lingeeleweka haraka zaidi, ila lingedanganya. Kilichofutwa hakipo. Kilichofifia kipo, macho tu ndiyo hayakipati vizuri. Kosa lililofifilishwa liko hivyo hivyo: hakuna kesi, hakuna hukumu, lakini kuna karatasi uliyoandika mwenyewe kwamba ulilitenda. Wanaosema kufifilisha ni kusamehewa wanalisahau hilo. Wanaosema ni rushwa iliyovaa suti nao wamepotoka. Rushwa haikupi fomu wala kontroli namba ya kulipia serikalini, na haina kiwango cha juu kilichoandikwa. Faini ya kufifilisha haitakiwi kuvuka kiwango cha juu ambacho sheria ndogo yenyewe imekitaja kwa kosa hilo.

Nirudi kwa mama wa pweza. Alikamatwa kwa maji machafu yaliyomwagwa barabarani mbele ya meza yake. Risiti ya mashine, ile karatasi nyororo, alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, na kwa jasho na mafuta ya kukaangia tarakimu zilishaanza kupotea. Nakala ya fomu aliihifadhi ndani ya daftari la madeni. Hiyo ilijazwa kwa kalamu ya wino na ilisomeka yote: jina lake, tarehe, kosa, kwamba anakiri kulitenda, kwamba yuko tayari kulipa. Chini, sahihi yake, ya mtu aliyeandika kwa haraka huku mafuta yanaungua.

"Nakwenda kukata rufaa Mahakama ya Mwanzo, mwanangu," akaniambia. "Yale maji si yangu. Ni ya yule wa chipsi."

"Sasa mama, mbona ulisaini?"

"Nilidhani ni ya kupokelea risiti."

Hapo ndipo neno lililokosewa linapomgharimu mtu. Anayedhani amefilisiwa anajiona ni mtu aliyehukumiwa, na aliyehukumiwa anatafuta rufaa. Lakini rufaa ni dhidi ya uamuzi wa mahakama, na yeye hakuna mahakama iliyomwamua. Tena hata angekuwa amehukumiwa, Mahakama ya Mwanzo ni mahali kesi inapoanzia, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Rufaa yake inapanda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30. Alichokuwa nacho mama ni makubaliano yenye sahihi yake. Kuyapinga makubaliano ni jambo jingine kabisa, na kuanza kwa kusema "sikusoma" ni kuanza vibaya.

Angekataa je? Kukataa kukiri si kosa jingine. Fomu ingebaki tupu na anayemshtaki angetakiwa ampeleke mahakamani. Kule angesomewa shtaka kwa Kiswahili, maana lugha ya Mahakama ya Mwanzo ndiyo hiyo kisheria, kisha angeulizwa ni kweli au si kweli. Akijibu si kweli, mzigo wa kuthibitisha hauko mabegani mwake. Anayedai maji ni ya mama ndiye anayetafuta shahidi aliyeona ndoo iko mkononi mwa nani, na mpaka ithibitike, ibara ya 13 ya Katiba inakataza mama asitendewe kama mwenye hatia. Simwambii mtu akatae kila fomu. Mahakamani kuna siku za kwenda na kurudi huku meza imefungwa, na ukitiwa hatiani hakimu hafungwi na faini iliyokuwa kwenye fomu. Anatazama adhabu yote iliyoandikwa, kifungo kikiwemo kama kimetajwa. Kama kweli maji uliyamwaga wewe, kufifilisha ni njia fupi na ya haki. Kama hukuyamwaga, usikiri kwa sababu foleni ni ndefu.

Mama alinyamaza akigeuza vipande vya pweza. Nikamsogezea na dogo la mwisho, la sarufi, kwa sababu hata wanaolitamka sawasawa hujikwaa hapo na kusema "nimefifilishwa". Mtu hafifilishwi, mama, mtu yupo palepale. Kinachofifilishwa ni kosa. Wewe umefifilishiwa kosa.

"Nimefifilishiwa," akajaribu. Akarudia polepole, akacheka kwamba linateleza kama pweza kabla hajapigwa, kisha akaniuliza kama nataka na pilipili.