Baridi ya Usiku Milimani na Kinachotokea Ndani ya Zabibu

Siku hizi chupa za mvinyo zinajigamba kwa mita. Lebo moja imeandikwa 1,100, nyingine 1,500, na kuna ile ya Colomé, jimbo la Salta nchini Argentina, ambayo zabibu zake hutoka shamba lililo mita 3,111 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kazi yangu ni kushauri wakulima wa mizabibu, naulizwa kila mara: basi kadiri shamba lilivyo juu ndivyo mvinyo unavyozidi kuwa bora? Hapana. Mzabibu hauna habari na mita. Unachokihisi ni joto, mwanga na maji, na mlima huvivuruga vyote vitatu kwa pamoja.

Kwa wastani, kila ukipanda mita 100, joto hushuka kwa takriban nyuzi 0.65 za Selsiasi. Ndiyo maana idadi ya mita peke yake haisemi kitu mpaka ujue shamba lina umbali gani kutoka ikweta. Kule Visperterminen, Uswisi, mizabibu ya aina ya Heida imepandwa hadi mita 1,100 hivi, na huko Ulaya hicho ni kimo cha kutajwa. Cafayate, iliyo Salta, si mbali na Tropiki ya Kaprikoni, yaani mpaka wa kusini wa ukanda wa joto, na mita 1,700 huko ni jambo la kawaida. Mpandishe Mswisi na mizabibu yake hadi mita 3,000 za milima yao, atavuna theluji.

Kwangu mimi, siri kubwa iko usiku. Zabibu ikishaanza kubadilika rangi, huacha kujilimbikizia asidi ya maliki, moja ya zile zinazoipa uchachu, na kuanza kuitumia katika kupumua. Joto likiwa kali, usiku na mchana, asidi hiyo huisha upesi. Usiku ukiwa wa baridi, upumuaji hupungua na sehemu kubwa ya asidi hubaki. Mchana wake jua linawaka, majani yanatengeneza sukari kama kawaida. Matokeo yake ni zabibu iliyoiva lakini bado ina uchachu wake. Kwenye tambarare zenye joto sukari hukimbia mbele, asidi inaporomoka, na mtengenezaji analazimika kumwaga unga wa asidi ya tatariki kwenye tangi. Si dhambi, ila ulimi uliozoea huigundua.

Upande wa mwanga, hewa ya juu ni nyepesi na haichuji sana mionzi ya urujuanimno, ambayo huongezeka kwa asilimia 10 au zaidi kidogo kila mita 1,000. Punje hujikinga kwa kulundika kwenye ganda lake kemikali zinazofyonza mionzi hiyo. Rangi nayo, yaani anthosiani, hustawi pale usiku unapokuwa na ubaridi. Joto likizidi nyuzi 35 hivi, utengenezaji wake hudorora. Haya unaweza kuyaonja. Wakati wa mavuno siamini rifraktomita, kifaa cha kupimia sukari, peke yake. Nachuma punje, naminya nyama itoke, kisha natafuna ganda tupu taratibu. La tambarare mara nyingi husagika mara moja. La Malbec, aina ya zabibu nyeusi, ya milimani hubishana na meno, na likikubali huacha zambarau kwenye vidole na ukavu kwenye fizi. Halafu natemea mbegu kiganjani: zikiwa bado za kijani nasubiri, hata kama sukari imeshafika. Jua hilohilo huunguza vishada, kwa hiyo anayenyofoa majani yote upande unaopigwa na jua la alasiri anajitafutia balaa.

Jambo linalowashangaza wengi ni sakitu, yaani baridi inayogandisha umande na kuunguza machipukizi. Wanadhani hatari iko juu zaidi, kumbe hewa baridi ni nzito, na usiku mtulivu huteremka kama maji na kutuama bondeni. Machipukizi ya katikati ya mteremko yanaweza kupona huku ya chini yakiwa yameungua yote. Nikipewa mlima nichague, naanza hapo katikati.

Udongo nisiuongelee sana, maana umeshasifiwa kupita kiasi. Ila Gualtallary, katika Bonde la Uco huko Mendoza, jimbo jingine la Argentina, inastahili neno. Ni mawe na kokoto zilizoletwa na mito kutoka Andes, nyingine zimevikwa chokaa nyeupe, na maji hupita haraka hivyo mzabibu haupati nafasi ya kunenepa majani. Nicolás Catena, mtengenezaji mvinyo wa Argentina, alipanda huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu na mita 1,500, wakati ambapo wengi walidhani ni baridi mno zabibu kuiva. Ziliiva.

Leo, dunia ikizidi kupata joto, wakulima wengi wanatamani kumfuata Catena huko juu kwenye ubaridi. Tatizo ni kwamba Mendoza hupata mvua ya milimita 200 hivi tu kwa mwaka, na nyingine huja kwa sura ya mvua ya mawe, ndiyo maana utaona vishada vimefunikwa nyavu. Mizabibu huishi kwa maji ya theluji ya Andes, na sheria ya maji ya mwaka 1884 iliifunga haki ya maji hayo kwenye kipande cha ardhi chenyewe. Anayenunua mteremko mpya ulio juu kuliko mifereji ya zamani inayoleta maji hayo ananunua mandhari, baridi nzuri na mawe. Maji itabidi ayachimbe kisimani, kama ataruhusiwa.