Hemofilia: goti likivimba, usilikande

Hemofilia ni nini?
Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao: damu haigandi inavyotakiwa. Katika aina A inapungua faktari ya 8, protini ya damu inayosaidia kugandisha. Ikiwa chini ya 1% ya kiwango cha kawaida, mtoto huvuja damu ndani ya viungo hata bila kuumia. Wagonjwa karibu wote ni wavulana.

Kwenye ukoo wetu haupo. Umetoka wapi?
Jeni ya faktari ya 8 iko karibu na ncha ya kromosomu X. Ndani yake kuna kipande cha DNA cha herufi kama 9,500, na nje ya jeni viko viwili vinavyofanana nacho karibu herufi kwa herufi. Mbegu za uzazi zinapotengenezwa, kromosomu hubadilishana vipande pale DNA inapofanana. X mbili za mwanamke hulala sambamba, kila kipande na mwenzake. X ya mwanamume iko peke yake. Hujikunja, kipande cha ndani kikashikana na cha nje, vikakatwa na kuungwa upya, na sehemu kubwa ya jeni ikageuka kinyume. Karibu 45% ya hemofilia A kali hutokana na mgeuko huu. Mara nyingi ulianzia kwenye mbegu ya babu mzaa mama. Kwa hiyo acheni kumtafutia mama laana.

Goti limevimba. Tukande kwa maji moto, tuone asubuhi?
Hapana. Msikande, msisubiri asubuhi. Apewe faktari mapema, ikiwezekana ndani ya saa 2. Njiani mguu utulie, uwekewe barafu iliyofungwa kitambaa, dakika 15 hadi 20.

Kuchua kidogo tu kwa mafuta?
Hapana! Kuchua kunaongeza kuvuja. Damu ikijirudia kwenye goti hula gegedu, na mtoto hubaki na mguu usionyooka.

Amejigonga kichwa lakini anacheza.
Hospitali sasa hivi. Faktari kwanza, CT (picha ya ndani ya kichwa) baadaye. Uniti 1 ya faktari kwa kila kilo ya uzito hupandisha kiwango chake kwenye damu kwa kama 2%. Mtoto wa kilo 20 anahitaji uniti 800 hadi 1,000 kufikia 80–100%. Akianza kutapika mmeshachelewa.

Dawa ya maumivu?
Parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, hapana. Sindano ya msuli, hapana, hata mwuza duka la dawa akisema ndiyo inayofanya kazi haraka.

Na tohara?
Kama mjomba wake alikuwa akivuja damu, mtoto apimwe faktari kabla ya kisu.