Jiko la Bogoria anawasha nani?

Swali lenyewe liliulizwa barazani Kuze, Mombasa, baada ya Isha, kahawa tungu mkononi. Rafiki yangu fundi wa mabomba alikuwa ametumiwa video ya watu wanaochemsha mayai kwenye chemchemi za maji ya moto kando ya Ziwa Bogoria, Bonde la Ufa. Akanigeukia: "Shehe, wewe si ndiye mtu wa mawe? Jiko hilo anawasha nani?"

Kazi yangu ni kemia ya maji ya chini ya ardhi. Nilimweleza dakika tano, nisieleweke, mpaka mwalimu aliyekaa pembeni akakata maneno: twendeni tukaone. Wiki mbili baadaye tulikuwa wanne ndani ya Probox ya fundi, kapu la mahamri na sanduku langu la chupa za sampuli, ambalo kila mtu alilinung'unikia kwa kula nafasi ya miguu.

Njia sitaisimulia sana. Mombasa hadi Nakuru ni karibu kilomita 640, malori ni yale yale, chai tulikunywa Mtito Andei. Tulipopita Naivasha niliwaonyesha upande wa Olkaria, ambako mvuke wa ardhini unazalisha umeme tangu 1981, na fundi akataka kujua kama ndio unaozungusha feni yake ya Kuze. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Nakuru tukanunua trei ya mayai, tukashika njia ya Marigat, tukavuka ikweta karibu na Mogotio, na joto likaanza kufanana na la kwetu, ila kavu.

Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010, likafunika chemchemi nyingi za ukingoni pamoja na kipande cha barabara. Zilizobaki zinatosha kumnyamazisha mtu. Maji yanatokota katika shimo lisilozidi upana wa sufuria ya pilau, yanaruka, yanatulia, yanaruka tena. Kando yake kuna ukoko mweupe ambao mtu wa Pwani angeudhania matumbawe. Usiukanyage. Mahali pengine ni mwembamba kama chapati na chini yake ni maji ya kuchemka. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba, miguu hawakuitaja.

Kipimajoto kilisimama kwenye 96. "Mbona si 100?" mwalimu akauliza. Kwa sababu Bogoria iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri hewa inavyopungua uzito, maji huchemka mapema. Hapo yalikuwa yamefika mwisho wake. Shimo la pili lilikuwa na mapovu vilevile, fundi akatangaza linachemka, nikatumbukiza kipimo: bado sana. Mapovu yale ni gesi ya kaboni inayotoka chini, kama soda iliyofunguliwa kizibo. Ukitaka kujua kama maji yanachemka, usiyaulize macho.

Sasa, jiko. Wenzangu walidhani maji yanatoka kwenye volkeno, kana kwamba mwamba ulioyeyuka unayakamua. Chemchemi nyingi za moto duniani maji yake ni ya mvua. Mwaka 1961 mwanakemia wa Marekani Harmon Craig alionyesha kuwa maji ya mvua, popote yanyeshapo, yana uwiano unaotabirika wa aina nzito na nyepesi za haidrojeni na oksijeni. Maji ya moto yalipopimwa, haidrojeni yake ikalingana na ya mvua ya jirani. Mvua hunyesha kwenye vilima, huzama kwenye nyufa, hushuka kilomita moja, mbili au zaidi, hupata joto, kisha hutafuta ufa wa kupandia. Mwamba ni jiko. Maji ni mgeni tu.

Fundi alielewa hapo kabla ya wote. "Kwa hiyo ni suala la bomba." Hasa. Ukishuka kilomita moja mahali pa kawaida, joto huongezeka nyuzi 25 hadi 30. Kwenye Bonde la Ufa ganda la dunia limevutwa likawa jembamba, joto liko karibu zaidi. Lakini hata jiko kali halina faida kama bomba la kurudia ni refu na la polepole, maana maji yatapoa njiani.

Tutajuaje yalifikia joto gani huko chini? Hapa ndipo napenda kazi yangu. Mwamba una silika, kitu kile kile cha mchanga na kioo. Maji yakiwa moto zaidi huyeyusha silika zaidi, na yakipanda haraka hayapati muda wa kuitua yote. Ukiipima silika kwenye chupa, unapiga hesabu ya kurudi nyuma hadi kwenye joto la kina. Lakini sampuli lazima uichuje, kisha uizimue palepale kwa maji safi yaliyotoneshwa, la sivyo silika hushikana ndani ya chupa na maabara haiioni. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisahau kuzimua, nikaandika ripoti ya chemchemi "vuguvugu" ambayo mkubwa wangu aliisoma huku akicheka.

Mayai yaliiva. Chumvi tuliisahau Nakuru. Mwenzetu wa nne alitaka kujaza chupa ampelekee bibi yake anywe kwa ajili ya magoti, nikamzuia. Maji yale yana magadi, ndugu ya yale tunayotia kwenye maharage, na chemchemi nyingi za Bonde la Ufa zina floraidi inayopita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, ndiyo maana wenyeji wengi wa bonde wana meno ya kahawia. Magoti ya bibi yakandwe kwa maji ya birika.

Tukiwa njiani kurudi, karibu na Voi, mwalimu akauliza kama Pwani hatujajaliwa. Tumejaliwa: Mwananyamala, Kwale, karibu na kilima cha Jombo, kuna chemchemi ya maji ya moto. Wengi husema ni volkeno ya Jombo. Lakini mwamba ule uliganda enzi za dinosaria, na jiko lililozimwa zamani hivyo halipashi maji leo. Mimi naegemea upande wa bomba: maji yameshuka kina kirefu, yakapata ufa mzuri wa kupandia.

Huko ni kuvuka Likoni tu. Fundi ameshapanga Jumapili, na safari hii sanduku langu litakaa kiti cha mbele.