Risiti Si Ruhusa: Dhana Potofu Kuhusu Kunakili Filamu Ulizonunua

Wiki iliyopita mteja aliniwekea risiti mezani kabla hata hajaketi. Ilikuwa risiti ya filamu sita za diski, imekunjwa mara nne na wino wake umeanza kufifia, naye aliinyoosha kwa kiganja kama mtu anayewasilisha hati ya kiwanja. Alitaka nimthibitishie kwamba, kwa kuwa alilipa bei kamili, sheria inamruhusu kuzihamishia filamu hizo kwenye kishikwambi chake ili azitazame safarini. Nimekuwa nikiwashauri watu kuhusu hakimiliki kwa miaka mingi, na ni nadra mwezi kupita bila kuletewa risiti ya namna hiyo. Naandika haya kwa sababu nimechoka kurudia jibu lile lile, na pia kwa sababu wanaoniuliza ni watu waaminifu, ambao wangeweza kupakua filamu za wizi mtandaoni bila kumuuliza mtu, lakini wakaamua kununua.

"Nimenunua, kwa hiyo ni yangu, na changu nakitumia nipendavyo"

Kilicho chako ni diski. Hiyo ni yako kwelikweli: unaweza kuiuza, kuitoa zawadi, kumwazima jirani au kuivunja kwa nyundo, na mwenye filamu hana la kusema. Haki ya kutengeneza nakala nyingine, hata moja, haikuuzwa pamoja nayo. Ilibaki kwa mwenye hakimiliki, na wewe unaipata tu pale ambapo yeye ameitoa kwa hiari au sheria ya nchi yako imekupa bila kumuuliza. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inalitamka hilo waziwazi katika kifungu chake cha 202, kwamba kumiliki kitu kilichobeba kazi ni jambo moja na kumiliki haki za kazi hiyo ni jambo jingine. Hakuna anayeshangaa akiambiwa kwamba kununua kitabu hakumpi ruhusa ya kukipiga chapa. Mshangao huanza tunapofika kwenye diski, labda kwa sababu kompyuta imefanya kunakili kuwe rahisi kama kufungua mlango.

Mteja akishafika hapo hunijibu, "Lakini nanakili kwa matumizi yangu binafsi, siuzi." Hoja hiyo ina uzito, na katika nchi nyingi inakubalika, ila inakubalika nusu. Ndani ya jambo hili mna maswali mawili. La kwanza ni kama sheria inakuruhusu kutengeneza nakala ya matumizi binafsi. La pili ni kama inakuruhusu kuvunja kufuli la kidijitali lililomo kwenye diski ili uipate nakala hiyo. Watu hulijibu la kwanza, wakafurahi, wakalisahau la pili, ilhali kwa diski za filamu la pili ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Kufuli hilo halionekani kwa macho, ndiyo maana wengi hawaamini kuwa lipo. DVD ya filamu inayouzwa dukani kwa kawaida imefungwa kwa mfumo uitwao CSS, ambao huvuruga sehemu ya data za filamu kwa kutumia funguo zenye urefu wa biti 40. Blu-ray, diski ya kizazi cha baada ya DVD, hutumia mfumo wenye nguvu zaidi uitwao AACS, ambao funguo zake ni za biti 128. Deki yako inaonyesha filamu bila shida kwa sababu mtengenezaji wake alipewa leseni na funguo za kufungulia. Mteja wangu alikuwa ameshajaribu njia ya mkato: alifungua folda ya diski iitwayo VIDEO_TS, akaziburuta faili za VOB, zilizobeba picha na sauti, hadi kwenye kompyuta yake, na akanionyesha matokeo. Uso wa mwigizaji ulionekana kwa nusu sekunde, kisha skrini ikajaa vipande vya kijani na waridi, huku sauti ikikwaruza kama redio isiyoshika stesheni. Yeye alidhani diski ni mbovu. Diski ilikuwa nzima kabisa. Alichokinakili ni data zilizovurugwa, bila ufunguo wa kuzipanga upya. Kupanga upya huko, kwa kutumia programu isiyo na leseni, ndiko sheria inakokuita kuvunja kufuli.

Nchi nyingi zimelikataza tendo hilo peke yake, hata kama hakuna nakala iliyouzwa wala kugawiwa. Chanzo ni Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, wa mwaka 1996, ambao kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi wanachama ziweke ulinzi wa kisheria dhidi ya uvunjaji wa makufuli ya aina hii. Marekani ilitunga sheria ya DMCA, inayokataza uvunjaji huo, mwaka 1998. Chini ya sheria hiyo, misamaha ya katazo hilo huombwa kila baada ya miaka mitatu, na ombi la kuwaruhusu watu wahamishie filamu za diski walizonunua kwenye vifaa vyao vingine lilikataliwa mwaka 2012, likakataliwa tena mwaka 2015. Japani ilibadilisha sheria yake mwaka 2012, na tangu Oktoba ya mwaka huo nakala iliyopatikana kwa kuvunja kufuli la DVD haihesabiwi tena kuwa nakala halali ya matumizi binafsi. Ujerumani, ambayo kwa miaka mingi imewaruhusu watu kujitengenezea nakala binafsi, imekataza kuvunja kufuli ili kuipata nakala hiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kanada, kwa kuwa sheria yake ya mwaka 2012 imeandikwa kwa namna ambayo hata asiye mwanasheria anaielewa. Kifungu cha 29.22 kinakuruhusu kunakili kazi kwa matumizi yako binafsi, mradi chanzo chenyewe si nakala haramu, ulikipata kihalali na si kwa kuazima au kukodi, humpi mtu mwingine nakala uliyotengeneza, na hukuvunja kufuli lolote ili kuitengeneza. Ukiiuza au kuitoa diski ya asili, unapaswa kwanza kuziharibu nakala zako. Msomaji anayehesabu masharti hayo ataona kwamba DVD ya kawaida ya dukani inatimiza yote isipokuwa lile la kufuli, na hilo moja latosha kuufunga mlango.

Waliotegemea Uingereza nao wasitegemee sana. Tarehe 1 Oktoba 2014 kulianza kutumika kanuni iliyowaruhusu watu kunakili kazi walizonunua kwa matumizi yao wenyewe, magazeti yakashangilia, na hadi leo naletewa kurasa za wakati ule kama ushahidi. Mahakama Kuu iliifuta kanuni hiyo Julai 2015, baada ya kuona kwamba serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha kuthibitisha dai lake kwamba wenye hakimiliki hawangepata hasara ya maana na hivyo hawakuhitaji fidia. Tena hata katika miezi ile michache ilipokuwa hai, haikumpa mtu ruhusa ya kuvunja kufuli. Aliyezuiwa na kufuli alitakiwa apeleke malalamiko kwa waziri. Sijawahi kukutana na mtu aliyefanya hivyo.

"Mbona nyimbo za CD tulizihamisha bila tatizo?"

CD ya muziki ya kawaida haina kufuli, kwa hiyo swali la pili halikuwahi kuulizwa. Wanaopenda kutaja kesi za Marekani hunitajia ile ya mwaka 1984 kuhusu Betamax, deki ya kurekodia ya kampuni ya Sony, lakini ile ilihusu kurekodi matangazo ya televisheni ili kuyatazama baadaye, miaka mingi kabla DVD haijazaliwa. Australia inaionyesha tofauti hii vizuri: tangu mwaka 2006 sheria yake inakuruhusu kuigeuza kanda ya video uliyonunua iwe faili ya kidijitali, lakini DVD haimo katika ruhusa hiyo. Mtu mwenye kanda kabatini yuko salama kuliko mwenye diski, na najua jinsi jambo hilo linavyosikika.

"Kufuli lenyewe lilishavunjwa zamani"

Lilivunjwa, ndiyo. Programu ya kufungua CSS ilienea tangu mwaka 1999, na kijana wa Norway aliyehusishwa nayo, Jon Lech Johansen, aliachiwa huru na mahakama mara mbili, zote mwaka 2003. Watu hulikumbuka hilo na kusahau kwamba Norway iliirekebisha sheria yake mwaka 2005 na kuweka kanuni mahususi kuhusu makufuli. Huko Finland, mahakama ya wilaya ya Helsinki iliwahi kukubali mwaka 2007 kwamba CSS ni dhaifu kiasi cha kutostahili ulinzi wa sheria. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo. Mlango wenye kitasa kibovu bado ni mlango wa mtu.

"Programu inauzwa hadharani, basi ni halali"

DVD X Copy, programu ya kunakili DVD, iliuzwa hadharani, katika maduka ya kawaida, hadi mahakama ya Marekani ilipoizuia Februari 2004 na kampuni yake ikafunga shughuli mwaka huo huo. RealDVD, programu nyingine ya aina hiyo, ilitengenezwa na RealNetworks, kampuni kubwa inayojulikana, nayo ilizuiwa mwaka 2009. Upo pia mkanganyiko kuhusu HandBrake, ambayo ni programu halali ya kubadilisha muundo wa video: yenyewe haivunji kufuli lolote. Inapoifungua DVD ya dukani, ujue kuna programu nyingine kwenye kompyuta yako inayoifanya kazi hiyo.

"Ukiifuta ndani ya saa 24 si kosa"

Hakuna sheria ya namna hiyo ninayoijua popote. Wanaoniletea dhana hii huwa hawakumbuki waliisoma wapi.

"Kunakili DVD kwa ubora wa juu kunaongeza ubora"

Hili si la kisheria, lakini nalisikia mno. Picha ya DVD ina mistari 576 au 480, kulingana na mfumo wa televisheni uliokusudiwa, na hakuna programu inayoweza kurudisha kilichokuwa hakimo. Ukiigeuza iwe ya mistari 1080 utapata faili nono yenye picha ile ile. Na kila unapoibana upya kutoka MPEG-2, muundo wa video wa DVD, kwenda H.264, muundo mpya zaidi, unapoteza kidogo, hata kama jicho lako halioni kwenye skrini ya simu.

"Basi hakuna njia halali kabisa"

Hapa wengi hukata tamaa mapema mno, na mimi ndipo ninapopata nafasi ya kuwa na manufaa. Anza na diski zisizo na kufuli: video za harusi na za familia, kazi za watayarishaji wadogo ambao hawakulipia CSS, na filamu ambazo hakimiliki yake imekwisha. Faili zake za VOB zikiburutwa hucheza bila vipande vya kijani, na hapo linabaki swali la kwanza tu, yaani ruhusa ya mwenye kazi au ya sheria ya nchi yako. Mtayarishaji mdogo mara nyingi hujibu barua pepe akiombwa ruhusa, tena kwa furaha. Kama unachotaka ni kutazama safarini tu, deki ndogo ya kubebeka au kiendeshi cha nje kilichounganishwa na kompyuta mpakato hakihitaji nakala yoyote.

Kabla ya hayo yote, fungua kasha. Nawaambia wateja wote, na karibu wote hawajafanya: makasha mengi ya filamu, hasa ya Blu-ray, huja na karatasi ndogo yenye msimbo wa nakala ya kidijitali, ambayo mwenye hakimiliki mwenyewe amekupa pamoja na diski. Utumie msimbo siku ile ile uliyonunua, kwa sababu una tarehe ya mwisho, na kwa sababu huduma zenyewe hufa. UltraViolet, iliyoanza mwaka 2011 na kutunza maktaba za filamu za watu wengi, ilifungwa tarehe 31 Julai 2019, na walioshindwa kuziunganisha akaunti zao mapema na huduma nyingine walibaki wanahangaika.

Nilimwomba mteja wangu arudi na makasha yake sita. Mawili yalikuwa na karatasi hizo, bado hazijakwanguliwa, zimebanwa nyuma ya vijitabu vya matangazo. Msimbo mmoja ulikubali palepale na filamu ikaanza kupakuliwa kwenye kishikwambi chake. Wa pili muda wake ulikuwa umepita kwa miezi saba.