Mawe kwenye mfuko wa nyongo: maswali kuhusu maumivu na hofu ya kupasuliwa

Mtu akiambiwa ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, hurudi nyumbani na mambo mawili. La kwanza ni maumivu, na hayo huandikiwa dawa. La pili ni woga wa lile neno ambalo daktari alilitaja mwishoni, upasuaji, na mara nyingi huo anaachiwa apambane nao peke yake. Majibu yafuatayo yanayagusa yote mawili, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hayatenganishi.

Nitajuaje kama ni nyongo na si vidonda vya tumbo?

Kuchanganya ni rahisi, na wapo wanaomeza dawa za vidonda kwa miaka kabla mtu hajafikiria kuwapima nyongo. Lakini maumivu ya mawe yana tabia zake. Huanzia kwenye chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, hupanda kwa kasi, kisha hukaa palepale juu bila kuachia kwa nusu saa hadi saa kadhaa. Si msokoto unaokuja na kuondoka. Mara nyingi hupenya mpaka mgongoni au kwenye kombe la bega la kulia, huku mtu akitokwa jasho na kutapika. Hupenda kuja baada ya mlo wenye mafuta mengi, au usiku wa manane. Mgonjwa hapati mkao: anakaa, anasimama, anapiga magoti kitandani, anajikunja, na hakuna kinachomsaidia. Baadaye yanaachia, naye anabaki hoi lakini mzima.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi ya tumbo. Haiumi na haina mionzi. Utaambiwa usile kwa saa kadhaa kabla ya kupimwa, ili mfuko ujae nyongo na uonekane vizuri.

Hata hivyo, maumivu ya chembe cha moyo yanaweza kuwa ya moyo wenyewe. Kama ni mara yako ya kwanza, au kifua kinabana, pumzi inakata, maumivu yanashuka mkononi au yanapanda kwenye taya, nenda hospitali mara moja ukapimwe moyo kwanza.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kiume kiasi hicho?

Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Sehemu yake hutunzwa kwenye mfuko mdogo uliojibanza chini ya ini, unaobeba mililita 30 hadi 50 hivi. Chakula chenye mafuta kikifika kwenye utumbo mwembamba, utumbo humwaga homoni iitwayo kolesistokinini, nayo huuamuru mfuko ujikamue. Jiwe likiwa limekaa mlangoni, mfuko hujikamua na nyongo haina pa kutokea. Ukuta wa mfuko unavutika, na hayo ndiyo maumivu unayoyasikia. Ukubwa wa jiwe hauna uzito sana hapa. Mawe madogo ndiyo yanayoweza kuteleza yakaingia kwenye mirija na kuleta matatizo makubwa, kwa hiyo asiyeyapitia asikwambie kwamba ni kajiwe tu.

Mengi hutokana na lehemu (kolesteroli) iliyozidi ndani ya nyongo. Wenye selimundu hupata mawe ya aina nyingine, yanayotokana na chembe za damu kuvunjika kupita kiasi. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, na ujauzito, umri, unene, kisukari, ukoo na kupungua uzito kwa haraka huongeza uwezekano. Mengi kati ya hayo hukuyachagua, kwa hiyo usikubali kubebeshwa lawama.

Maumivu yakianza usiku, nifanye nini?

Angalia saa, kwanza kabisa. Muda yanaochukua ndio utakaokuambia kama ubaki nyumbani au uondoke.

Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hutuliza vizuri maumivu haya, lakini si za kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo, mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asizinywe bila kumwuliza daktari. Parasetamoli inaweza kusaidia maumivu mepesi. Ni vyema dawa yako na kipimo chake uvipange na daktari mapema, mchana, kuliko kuja kubahatisha usiku. Usile kitu mpaka maumivu yapoe. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo huwafariji baadhi ya watu.

Yakidumu kwa muda wa saa tano au sita mfululizo bila kuachia, usisubiri kukuche. Huenda mfuko umeshaanza kuvimba na kupata maambukizi. Na kama ni makali kiasi kwamba dawa haigusi, usihesabu hata hizo saa.

Ni dalili gani nisizipuuze kabisa?

Homa, hasa ya kutetemeka. Macho au ngozi kugeuka manjano. Mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi huku choo kikipauka. Hizi huashiria jiwe limeziba mrija mkuu wa nyongo, na manjano yakiungana na homa na maumivu, hiyo ni dharura ya saa ileile. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayokwenda mgongoni pamoja na kutapika kusikokoma yanaweza kuwa ya kongosho lililovimba. Hilo nalo si la kutibiwa nyumbani.

Siku hizi naogopa hata kula. Ni kawaida?

Ni kawaida sana, na inahuzunisha kuona mtu anakaa mezani na sahani yake kama anayesubiri adhabu. Wengine huacha kitu kimoja, kesho kingine, mpaka wanabaki na vyakula vitatu tu na uzito unaporomoka.

Kujinyima hivyo hakukulindi. Usipokula kwa muda mrefu nyongo hutuama mfukoni, na kukonda kwa haraka huongeza mawe mapya. Punguza vya kukaanga na vyenye mafuta mengi kwa mara moja, kula kidogo kidogo kwa nyakati zinazoeleweka, usiruke milo. Hakuna orodha moja ya miiko inayomfaa kila mgonjwa. Kama chakula fulani kimekuletea maumivu mara kwa mara, kiache. Kama hakijawahi kukudhuru, huna sababu ya kukiogopa.

Nimeambiwa ninywe mafuta ya zeituni na limau ili mawe yatoke. Ni kweli?

Hapana. Vile vidonge vya kijani vinavyoonekana chooni baada ya dawa hiyo si mawe. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa ya mgonjwa aliyepeleka vidonge vya namna hiyo vikapimwa: havikuwa na lehemu wala rangi ya nyongo, bali vilikuwa sabuni iliyojiunda tumboni kutokana na mafuta aliyokunywa. Na mafuta mengi kwa mkupuo ndiyo hasa yanayoulazimisha mfuko ujikamue kwa nguvu. Unaweza kuliamsha shambulio ulilokuwa unalikimbia.

Ipo dawa ya hospitali ya kuyeyusha mawe, ursodioli. Hufaa kwa mawe madogo ya lehemu kwa wagonjwa wachache, humezwa kwa miezi mingi, wakati mwingine hadi miaka miwili, na kwa karibu nusu ya waliofanikiwa mawe hurudi ndani ya miaka mitano. Ndiyo maana huandikwa zaidi kwa asiyeweza kupasuliwa.

Kwa hiyo lazima nipasuliwe?

Si kila mwenye mawe. Takriban watu wanne kati ya watano wenye mawe hawasikii chochote, na kwa kawaida hao huachwa bila kuguswa. Aliyekwisha kupata mashambulio ni habari nyingine, kwani mara nyingi hurudi, na safari nyingine huja na maambukizi au kuvimba kwa kongosho. Hapo ndipo naona wengi hupima vibaya. Hulinganisha hatari ya upasuaji na usalama, ilhali kubaki na mawe yanayouma nako kuna hatari zake. Kupasuliwa kwa mpango, ukiwa huna homa, ni kwepesi kuliko kupasuliwa kwa dharura.

Wengi huuliza kwa nini yasitolewe mawe tu, mfuko ukaachwa. Ni kwa sababu mfuko uliotengeneza haya utatengeneza mengine. Daktari Mjerumani Carl Langenbuch aliliona hilo, akautoa mfuko mzima kwa mara ya kwanza huko Berlin mwaka 1882. Njia ya matundu madogo ilianzishwa na Mjerumani mwingine, Erich Mühe, mwaka 1985.

Upasuaji wenyewe unakwendaje?

Ukiwa umelala kwa nusu kaputi, tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili kupata nafasi. Kwa kawaida hutobolewa matundu manne madogo. Kamera hupita kwenye moja, vifaa kwenye mengine. Mrija mdogo wa mfuko na mshipa wake wa damu hubanwa kwa vibanio na kukatwa, kisha mfuko hutolewa kupitia tundu mojawapo. Huchukua saa moja hadi mbili hivi. Wengi huruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake. Mara chache mpasuaji hulazimika kufungua tumbo kwa mkato mrefu. Hufanya hivyo ili kukulinda pale asipoona vizuri, na kupona huchukua wiki kadhaa zaidi.

Hatari zipo, na una haki ya kuzisikia: kutoka damu, maambukizi, nyongo kuvuja, na ile inayoogopwa zaidi na wapasuaji wenyewe, kujeruhi mrija mkuu wa nyongo. Hiyo hutokea kwa takriban watu watatu kati ya 1,000.

Naogopa nisije nisiamke. Au niamke katikati.

Hofu hii ndiyo inayowafanya watu waahirishe mara tatu na nne, na wengi huona aibu kuitamka. Wanasema wana safari, au mtoto ana mitihani. Itamke. Mtaalamu wa usingizi huisikia kila siku, na ukimweleza atajua namna ya kukuandaa.

Muda wote wa upasuaji mtaalamu huyo, au msaidizi wake, hukaa kichwani pako. Anafuatilia mapigo ya moyo, presha, oksijeni na hewa unayotoa, na anaongeza au kupunguza dawa kadiri mwili unavyohitaji. Kwa mtu asiye na maradhi mengine makubwa, kufa kwa sababu ya dawa ya usingizi yenyewe ni nadra mno. Kuamka katikati nako, utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikuta taarifa moja katika kila nusu kaputi 19,000 hivi.

Najua takwimu peke yake haimlazi mtu usingizi. Kinachosaidia ni kuivunja hofu vipandevipande. Chukua karatasi, andika kila unachokiogopa kama swali: umefanya upasuaji huu mara ngapi? Ukilazimika kufungua tumbo nitajuaje? Nikisikia maumivu nikiamka nimwite nani? Mpe daktari karatasi hiyo, na nenda na mtu wako wa karibu asikilize pamoja nawe, maana mwenye hofu husikia nusu ya anachoambiwa. Taja pia yaliyowahi kukupata: ndugu aliyepata shida na nusu kaputi, mzio, kutapika sana ulipopasuliwa zamani. Na taja kila unachomeza, zikiwemo dawa za mitishamba. Usikifiche kwa kuogopa kukaripiwa, kwa sababu baadhi huathiri damu au usingizi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, na hata ukiwa kwenye kitanda cha magurudumu, vuta hewa puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika chache. Pumzi ndefu ya kutoa huushusha mwendo wa moyo, ni kitu ambacho mwili wenyewe unajua kukifanya. Kama moyo unakwenda mbio kila siku, hulali kwa wiki, au unapatwa na hofu ya ghafla inayokufanya uhisi unakufa, mwambie daktari sasa. Hofu ya kiwango hicho hutibika, na huna haja ya kuivumilia mpaka siku ya upasuaji.

Nitaishije bila mfuko wa nyongo?

Vizuri. Ini linaendelea kutengeneza nyongo kama kawaida, ila sasa inachirizika moja kwa moja hadi kwenye utumbo. Baadhi ya watu huharisha au kupata choo laini kwa wiki kadhaa, hasa baada ya mafuta mengi. Kwa wengi hupungua kwenyewe, na wachache ambao haikomi wana dawa yake. Wengi hurudia kula walivyozoea.

Nikirudi nyumbani, nitegemee nini?

Bega litauma, na hilo huwashtua watu wasioambiwa mapema. Ni gesi iliyobaki tumboni inayoukera msuli wa kupumulia, na huisha ndani ya siku chache. Tembea taratibu kuanzia siku ileile, bana tumbo kwa mto unapokohoa, usinyanyue vitu vizito mpaka uruhusiwe. Kazi za mezani wengi huzirudia baada ya wiki moja hadi mbili.

Rudi hospitali bila kusubiri tarehe yako ukiona homa, manjano, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba, kutapika kusikokoma, au kidonda kinachotoa usaha. Kabla hujatoka wodini uliza namba ya simu ya kupiga usiku, na ulizia majibu ya maabara yatatoka lini, kwa kuwa mfuko uliotolewa kwa kawaida hupelekwa kuchunguzwa.